Kuachiwa kwa mshtakiwa wa mauaji: hasira yetu inagonga mlango usio wake

Mabishano yamerudi Kigoma. Kuanzia vijiwe vya kahawa vya Ujiji hadi mwaloni Kibirizi gumzo ni moja: mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji, ambaye mtaani hakuna aliyekuwa na wasiwasi kwamba ndiye, ametoka mahabusu akiwa huru baada ya Mahakama Kuu kusema Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haikuthibitisha shtaka bila kuacha shaka. Jina lake silitaji, wala kijiji. Aliyeachiwa ana haki ya kurudi kwake bila kusindikizwa na makala, na familia ya marehemu imeshasemwa vya kutosha. Ninachotaka kukijadili ni maneno mawili yanayorudiwa kila kona: kwamba kesi ilikufa kwa sababu "ulikuwa ushahidi wa mazingira tu", na kwamba jaji "amemsafisha muuaji". Yote mawili hayako sawa. Ushahidi wa mazingira, yaani ule unaojengwa na mambo yanayolizunguka tukio bila kuwapo aliyeliona, unatosha kabisa kumtia mtu hatiani na kumfikisha kwenye hukumu ya kunyongwa, na umeshafanya hivyo mara nyingi nchini. Na jaji anapomwachia mshtakiwa hasemi kwamba mtu huyu hakuua. Anasema kazi iliyoletwa mbele yake haikutosha kumwita muuaji. Kazi hiyo huharibika mapema mno, aghalabu ndani ya saa chache za kwanza, na mara nyingine walioiharibu ni sisi wenyewe tunaolalamika.

Kwanza tutenganishe mambo, maana kijiweni yote huitwa "kesi imefutwa". Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuliondoa shtaka mahakamani. Hapo mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa upya kwa kosa lile lile, ingawa sheria sasa inataka ushahidi wa kutosha uwe tayari kwanza. Zamani alikamatwa hata mlangoni pa mahakama. Hilo tumeliona mara nyingi. Jambo la pili ni jaji kusikiliza mashahidi wote wa Jamhuri kisha kuona kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. La tatu ni hukumu kamili, baada ya pande zote mbili kusikilizwa, inayosema shtaka halikuthibitika. Katika haya mawili ya mwisho mtu hawezi kushtakiwa upya kwa kosa hilo. Njia iliyobaki ni rufaa. Anayesema "watamkamata tena tu" ajue anazungumzia lipi kati ya haya.

Sheria yenyewe ni fupi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia, na Sheria ya Ushahidi inataka uthibitisho huo ufike kiwango cha kutoacha shaka yenye mashiko. Mzigo ni wa Jamhuri tangu mwanzo hadi mwisho. Kanuni hii ilipata sauti yake maarufu Uingereza mwaka 1935, katika shauri la Woolmington, kijana wa shamba wa miaka 21 aliyempiga mkewe risasi na kudai kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliwaambia raia waliokaa kuamua kesi kwamba kijana ndiye anayepaswa kuthibitisha hiyo bahati mbaya. Wakamtia hatiani, akahukumiwa kifo, na mahakama ya juu kabisa ya huko ikamtoa. Kwetu, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka kipimo cha ushahidi wa mazingira mwaka 1949 katika shauri la Kipkering arap Koske: mambo yanayomwelekea mshtakiwa yawe hayapatani kabisa na yeye kutokuwa na hatia, na yasiweze kuelezeka kwa namna nyingine yoyote yenye akili. Mwaka 1958, katika shauri la Simon Musoke lililotoka Uganda, kipimo kikaongezwa makali: kabla hajahitimisha, jaji awe na hakika kwamba hakukuwa na mazingira mengine, sambamba na hayo, yanayodhoofisha hitimisho lake. Mahakama yetu ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, inaendelea kuyategemea maamuzi hayo hadi leo.

Angalia kipimo hicho hakisemi nini. Hakisemi lazima awepo aliyeona kisu kikiingia. Na niseme wazi, mimi naamini ushahidi wa mazingira mzuri unazidi ushahidi wa macho mara nyingi. Shahidi wa macho huogopa, husahau, huhongwa, huona vibaya gizani. Ndiyo maana katika shauri la Waziri Amani, lililomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1980, Mahakama ya Rufani iliuita ushahidi wa kutambua kwa macho kuwa miongoni mwa ushahidi dhaifu na usio wa kuaminika zaidi, ikataka uulizwe maswali: mwanga ulikuwa kiasi gani, umbali gani, mlionana kwa muda gani, mlikuwa mnafahamiana? Kwa watu wa Kigoma maswali hayo si ya darasani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa uvuvi hupungua. Anayeapa kwamba alimtambua mtu ziwani usiku kwa mwanga wa taa ya mtumbwi mwingine anadai jambo zito, na kila mvuvi analijua hilo vizuri kuliko wakili yeyote. Simu iliyosajiliwa haiogopi, wala damu haisahau.

Mwaka 1866 jaji mmoja wa Uingereza alieleza kwamba ushahidi wa mazingira ni kama kamba: uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo, nyuzi tatu zikisokotwa pamoja zinaubeba. Tuijaribu kamba hiyo kwa mfano wa kutunga. Mchuuzi wa dagaa anatoka kwake Gungu alfajiri akiwa na fedha za kununulia mzigo. Majirani wawili wanamwona akipanda bodaboda na mshirika wake. Siku ya pili mwili wake unakutwa kichakani, fedha hakuna, simu hakuna. Mshirika hayupo mjini. Anapatikana Kasulu akiwa na simu ya marehemu mfukoni na shati lenye madoa. Hakuna aliyeona mauaji. Askari aliyemkamata anajaza hati ya ukamataji palepale, anaandika namba ya utambulisho wa simu yote, tarakimu kwa tarakimu, na mwenyekiti wa mtaa anaisoma hati kabla ya kuitia saini. Mjane analeta boksi la simu lenye namba ile ile. Kumbukumbu za kampuni ya simu zinaonyesha kifaa kilitoka Gungu kikaelekea Kasulu siku ile ile. Shati linakaushwa kivulini, linafungwa peke yake kwenye karatasi, linaandikwa alama, na kila mkono unaolipokea unatia saini mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako vinasaba vya damu vinalingana na vya marehemu. Mshirika, anapoulizwa, anasema hakuonana na marehemu wiki nzima. Kila uzi peke yake una maelezo mengine. Zikiwa pamoja, maelezo mengine yanakwisha. Mtu huyu atatiwa hatiani, na hukumu haitatikisika kirahisi kwenye rufaa.

Sasa rudia kisa kile kile. Muuaji ni yule yule, marehemu ni yule yule, na kilichofanyika kichakani ni kile kile. Lakini simu ilichukuliwa bila hati, au hati ilijazwa kituoni kesho yake, na imeandikwa "simu moja nyeusi". Boksi halikutafutwa. Shati liliwekwa kwenye kiroba kimoja na nguo za marehemu, likakaa wiki kadhaa kwenye kabati la kituo, na daftari la vielelezo halionyeshi nani alilitoa, lini, kulipeleka wapi. Askari wa kwanza amehamishwa, hakuitwa kutoa ushahidi. Mwenyekiti wa mtaa naye hakuitwa, na hakuna anayeeleza kwa nini. Mmoja wa wale majirani amehama na hapatikani. Mshtakiwa anapanda kizimbani na kusema simu aliinunua sokoni Mwanga na damu ni ya samaki. Uongo? Huenda. Lakini Jamhuri haina tena cha kuuvunjia uongo huo: simu haijulikani kama ni ya marehemu, na damu ya marehemu ingeweza kuingia kwenye shati mle mle kirobani. Katika shauri la Paulo Maduka, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba safari ya kielelezo inapaswa kuwa na kumbukumbu ya maandishi, kwa mfuatano, tangu kukamatwa hadi kufika mahakamani. Baadaye imelegeza kidogo kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi, na ni sawa, ila shati lenye damu halimo katika vitu hivyo. Jaji wa kisa hiki cha pili atamwachia mshtakiwa huku pengine moyoni anaamini kwamba ndiye aliyeua. Na atakuwa amefanya kazi yake.

Wanaopinga wana hoja, na iliyo bora kati yake ni hii: kipimo hiki kinadai vitu ambavyo mkoa kama huu hauna. Hakuna kamera barabarani, maabara ya vinasaba iko mbali, shahidi anatoka bondeni kwa miguu kuja kusubiri kesi inayoahirishwa, na ng'ambo ya ziwa ni nchi nyingine ambako mtu akivuka hapatikani tena. Ukimtaka mpelelezi wa hapa afikie kiwango cha nchi yenye vifaa vyote, wanasema, unawapa wauaji faida. Kuna ukweli humo. Na kuna jambo la ziada linaloipa hoja hiyo nguvu: si kila shaka inastahili kuitwa shaka. Katika shauri la Magendo Paul, mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi unatosha ukiwa mzito kiasi cha kumbakizia mshtakiwa uwezekano wa mbali tu, unaoweza kutupiliwa mbali kwa urahisi. Vilevile mahakama zetu zimekubali kwamba mtu wa mwisho kuonekana na marehemu akiwa hai, asipotoa maelezo yanayoingia akilini, anajiweka pabaya. Kwa hiyo jaji anayekumbatia kila dhana ya wakili wa utetezi, hata ile ya samaki mwenye damu nyingi kuliko ng'ombe, anakosea kisheria, na hukumu yake inastahili kupingwa. Nakubali kabisa kwamba wapo walioachiwa kimakosa. Ila tatizo la vifaa halitatuliwi kwa kushusha kipimo. Kalamu, karatasi ya khaki na saini havitoki nje ya nchi. Katika mfano wangu, zaidi ya nusu ya nyuzi zilikatika kwa kukosa hivyo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi: "Kama si yeye, basi nani?" Huletwa pamoja na "lisemwalo lipo, kama halipo laja", na pamoja na "polisi hawawezi kumweka mtu ndani miaka yote hiyo bure". Hii ya mwisho inasahau kwamba shtaka la mauaji halina dhamana. Mtu anakaa mahabusu kwa sababu sheria inataka hivyo, awe ameua au hajaua, na miaka yake ndani haithibitishi lolote. Ile ya kwanza inaigeuza mahakama kuwa nafasi ya kazi ambayo lazima apatikane wa kuijaza. Nchi nzima iliwahi kuupata mtihani huu. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa katika msitu wa Pande, Dar es Salaam, baada ya kukamatwa na polisi. Polisi wakadai ni majambazi waliouawa katika majibizano ya risasi. Tume ya Jaji Kipenka ikaonyesha vingine, na Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, akashtakiwa pamoja na askari wenzake. Agosti 2009, katika Mahakama Kuu, Jaji Salum Massati aliwaachia wote tisa waliokuwa wamebaki, akitaka wauaji halisi watafutwe. Watu walipigwa na butwaa. Serikali ikakata rufaa, rufaa ya kwanza ikakwama kwa kasoro za kisheria, ikafunguliwa upya, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wa walioachiwa, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa, huku ikikubali kuachiwa kwa Zombe. Tazama kilichotokea: majaji wa rufani hawakuuliza "kama si hawa, nani?" Walimchambua kila mshtakiwa peke yake, wakapima ushahidi unaomgusa yeye, na jibu likatofautiana mtu na mtu. Cheo cha mshtakiwa hakikuwa uzi katika kamba, wala hasira ya wananchi haikuwa.

Wengine husema hii ni sheria ya Mzungu tuliyoachiwa. Hoja hiyo siipotezei muda mrefu, hasa ikisemwa Ujiji, mji wenye masheikh. Aliyesoma fiqhi kidogo anaijua kanuni kwamba adhabu za hudud, yaani zile zilizopangwa na sheria ya Kiislamu yenyewe, huzuiliwa na shaka, na kwamba kiongozi kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Mzee mmoja alinikumbusha hayo kijiweni, bila kuulizwa, na waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza kwa dakika mbili hivi kabla ya kuanza tena. Isitoshe, adhabu ya mauaji katika sheria yetu ni moja tu, kifo. Ni kweli nchi haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu kwamba kumnyima jaji uchaguzi wa adhabu kunakiuka haki ya kuishi. Hata hivyo jaji anayeandika neno "hatia" leo hana ngazi ya kati ya kushukia, na anaandika akijua hivyo.

Nirudi kwetu wenyewe. Kifo chenye utata kinapotokea kijijini, kwanza watu hujaa. Mwili husogezwa ili ufunikwe vizuri, nyayo hukanyagwa, panga huokotwa na kupitishwa mkono kwa mkono kila mmoja akilitazama. Kisha jina linatajwa, na vijana wanakwenda kuchoma nyumba ya mwenye jina. Katika nyumba hiyo ndimo lilimokuwa shati. Mahali pengine sungusungu wanamkamata mshukiwa na kumpiga mpaka "akiri", halafu wanamkabidhi polisi kwa fahari kubwa. Kukiri huko mahakamani hakuna thamani, na kunachafua hata maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mshukiwa yanayoandikwa na polisi, yatakayochukuliwa baadaye, kwa sababu wakili atauliza majeraha yalitoka wapi na jaji atataka jibu. Halafu unakuja usuluhishi wa kimyakimya kati ya koo mbili, na mashahidi wanaanza kusahau. Miaka inapita, hukumu inasomwa, na kijiji kilekile kinasema mahakama imenunuliwa. Sisemi rushwa haipo. Nasema anayedai jaji amehongwa aonyeshe kwanza ni ushahidi gani ulikuwapo ambao jaji aliukataa bila sababu.

Kwa hiyo familia ya marehemu ifanye nini leo? Kulalamika kwa jaji hakutawasaidia, na kumvizia aliyeachiwa kutaongeza kesi ya pili ya mauaji juu ya ile ya kwanza. Hatua iliyo wazi ni kwenda ofisi ya mashtaka ya mkoa na kuuliza kama Mkurugenzi wa Mashtaka ataonyesha nia ya kukata rufaa. Sheria inamruhusu kupinga hata uamuzi wa kumwachia mtu, na taarifa hiyo hutakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu itolewe. Zikipita, inabidi kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu hupatikana bure kwenye mtandao wa TanzLII. Isomwe. Humo imeandikwa uzi gani ulikatika na nani alikuwa ameushika, na hayo ndiyo maswali ya kumpelekea mkuu wa upelelezi wa mkoa, kwa barua. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais mwaka 2023, ilipendekeza upelelezi utenganishwe na Jeshi la Polisi na kupewa chombo chake. Wanaokasirika na hukumu hii wana sababu nzuri ya kumuuliza mbunge wao pendekezo hilo limefikia wapi.

Limebaki moja ambalo mahakama nayo haiwezi kulikwepa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za Mahakama Kuu bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Mjane anakaa benchi la nyuma, anasikiliza kurasa nyingi zisizomfikia, kisha anaona mshtakiwa akikumbatiwa na ndugu zake. Sababu zote zilizomfanya jaji aamue hivyo zimesomwa mbele yake na hakuzipata. Hapo ndipo uvumi unapochukua nafasi, na hauhitaji ushahidi wowote. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ukisomwa polepole siku hiyo hiyo na nakala akapewa mwenyekiti wa kijiji, ungegharimu karatasi mbili na dakika kumi za karani.